Umaskini wa Kuazima

Juma lililopita tulimwacha Bi Barke amesimama katikati ya chumba chake huko Kisauni, sinia mkononi, mdomo wazi, akiwa ameulizwa swali na mgeni aliyeketi kwenye kochi la zambarau.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. "Mama, nyumba yenye makochi kama haya inaomba msaada wa nini?"

Aliyeuliza ni Bi Jalila, afisa wa Wakfu wa Daraja Jema, ule unaosomesha watoto wasiojiweza. Kishikwambi kilikuwa mapajani, kidole kiko tayari. Kushoto kwake aliketi Mzee Rashid, mwenyekiti wa kamati, mstaafu wa bandarini, mtu wa maneno machache. Kulia, ukingoni kabisa kama mtu asiyetaka kuacha alama, aliketi Mwalimu Oduor, mjumbe wa tatu wa kamati.

Kwa msomaji ambaye gazeti la juma lile lilimfikia limeshafungiwa viazi, jambo ni hili. Nafasi ya ufadhili imebaki moja. Swabra, binti wa Bi Barke, amefaulu na kuitwa shule ya bweni, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Akiipata nafasi hiyo atasoma hadi chuo kikuu. Akiikosa atakaa mlangoni na mamake kukaanga mahamri, kazi ya heshima ambayo hatujasikia kamati yoyote ikigombania kuifadhili.

Mshindani wake ni mvulana mmoja tu, Maxwell. Kamati inakwenda nyumbani kwa kila mtoto kuutazama umaskini kwa macho. Na kanuni ya Wakfu ni kali: nyumba ikionekana imedanganya hali yake, mtoto anaondolewa, na rufaa hakuna.

Bi Barke angeweza kujibu kweli. Kweli ni kwamba makochi yale yalikuwa ya jirani yake Pascalia, mwanamke wa kutoka bara ambaye mumewe hufanya kazi kwenye matangi ya mafuta. Feni ilikuwa ya Ukasha, fundi wa simu. Zulia lilitoka nyumba ya pili, na vikombe vya ukingo wa dhahabu nyumba ya nyuma. Tangu alfajiri majirani walikuwa wakipishana uchochoroni na vitu vichwani, kwa kuwa mgeni wa heshima akija kwa mtu, aibu ya nyumba ile ni aibu ya mtaa mzima. Hakuna aliyeuita uongo. Waliita kusitiri.

Lakini mgeni hatupiwi shida zako. Mgeni akiuliza habari, habari ni njema, hata kama paa lilichukuliwa na upepo jana yake.

Basi Bi Barke akafunga mdomo, akaufungua tena kwa tabasamu, akajibu kama mamake alivyomfunza. "Alhamdulillahi, mwanangu. Mungu ametujalia. Hatukosi."

Kidole cha Bi Jalila kikashuka. Akaandika kwamba mzazi mwenyewe anakiri hana shida.

Swabra alikuwa kizingitini, amevaa gauni la mtu, na alikiona kidole kile kikifanya kazi. Akasogea kutaka kusema. Mamake akamtupia jicho moja tu. Wasomaji waliolelewa Pwani wanalijua jicho hilo. Wengine wachukue kwamba Swabra alirudi nyuma.

Mahamri yakapitishwa. Bi Jalila akala moja, akala la pili, akauliza kama ile harufu ni iliki. Akaambiwa ni iliki. Akaandika tena, maana iliki si kitu cha nyumba yenye dhiki. Kisha akachukua la tatu, nadhani kwa ajili ya kuhakikisha.

Mwalimu Oduor alijua. Makochi yale aliyakalia Krismasi iliyopita nyumbani kwa Pascalia, ambaye husali naye kanisa moja. Alilijua hata shimo la sigara lililofichwa chini ya kitambaa cha kufuma. Neno moja lake lingetosha.

Hakulisema. Alikunywa chai yake, akashukuru, akasifu iliki.

Sitaki kumhukumu haraka, maana mtu akiwa na nyumba mbili za kunyamazia, ni vigumu kuchagua aseme ya ipi.

*

Garini, wakivuka daraja kuelekea upande wa pili wa mji, Bi Jalila alikuwa mchangamfu. Aliwaambia wenzake wasikate tamaa, kwamba maskini wa kweli bado wapo. "Huko Changamwe ndiko mtakakoiona shida yenyewe," akasema.

Mzee Rashid akamuuliza kama amewahi kufika. Akasema la, hata siku moja. Ni hisia tu.

Mwalimu Oduor alitazama nje. Mchana yeye humfundisha Swabra katika shule ya umma Kisauni, darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Jioni huvuka mji mzima hadi Port Reitz kumfundisha Maxwell peke yake, kwenye meza ya kioo, huku akiletewa maji ya matunda. Ile mada ngumu ya hesabu, darasani aliwaambia watoto waipitie wenyewe kwa sababu muda umekwisha. Jioni ileile aliieleza Port Reitz kwa kalamu za rangi nne.

Ana sababu yake, na ni nzuri. Kwa malipo ya jioni anamsomesha bintiye Cheryl shule ya bweni. Mwalimu huyu anawanyima watoto wa watu ili mtoto wake asije akanyimwa. Ukilitazama vizuri, hata hilo ni aina ya mapenzi kwa elimu.

Changamwe wakafika. Chumba kilikuwa nyuma ya karakana ya malori, na kila lori lilipopita mabati yalitetemeka. Mlangoni alisimama mwanamke aliyejifunga kanga iliyopasuka. Alijitambulisha kuwa ni Mama Maxwell, basi, na kuinamisha kichwa.

Sisi tunamjua kwa jina lake kamili. Ni Jerioth, mke wa Nicanor mwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, wakaao Port Reitz katika nyumba ya ghorofa yenye lango linalojifungua lenyewe. Kanga ile jana yake ilikuwa nzima. Ilipasuliwa kwa mkasi, ndiyo maana mpasuko wake ulinyooka kama njia ya ndege.

Alikuwa amekwisha kumweleza mumewe, pale alipouliza kwa nini wasilipe tu karo. Kulipa tunaweza, alimwambia, lakini mtoto akiitwa mfadhiliwa milango ya vyuo vya ng'ambo hufunguka. Pesa zetu zinafungua lango tu. Nicanor akaona ina mantiki. Watu wenye uwezo hawapendi kupitwa na kitu cha bure, na huenda ndivyo walivyoupata huo uwezo.

Chumba kilikuwa cha Nyevu, mwanamke anayewafulia na kuwapigia deki. Nyevu aliambiwa kwamba kuna wageni wa kanisani wanaotaka kuona maisha ya Changamwe, akaombwa awapishe kwa asubuhi moja. Kuombwa na mwajiri ni kama kuombwa na askari: jibu huwa limeshapatikana.

Lakini Jerioth alipofika mapema kukikagua, hakuridhika. Nyevu alikuwa na pazia la maua. Alikuwa na redio, kalenda ukutani, na kitanda chenye shuka iliyopigwa pasi. Umaskini wa Nyevu haukutosha. Jerioth akang'oa pazia, akaficha redio, akaondoa shuka, na akaleta ndoo yenye ufa aliyoipata kwa wauza chakavu, kwa sababu mwenye chumba hakuwa na ndoo mbovu hata moja.

Maxwell aliketi ukingoni mwa godoro tupu, shati halina vifungo. Si mtoto mbaya. Ana walimu watatu wa nyumbani na hakuna hata mmoja aliyemfundisha uongo. Somo hilo mama alilichukua mwenyewe.

Jerioth akamsalimu kila mgeni kwa mikono miwili. Alipofika kwa Oduor akasema, "Karibu, mwalimu. Nafurahi kukufahamu."

Jioni ya jana yake ndiye aliyemjazia bilauri.

Oduor akaupokea mkono. "Nami nafurahi," akajibu.

Maelezo yakaanza. Wanakula mara moja kwa siku, Mungu akipenda. Mtoto husomea taa ya jirani. Baba wa mtoto hayuko nao tena, na hapo Jerioth akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Hakuna uongo hapo: Nicanor alikuwa ofisini.

Mzee Rashid akatoa leso. Bi Jalila aliandika mpaka kidole kikachoka.

Jambo moja Jerioth alilifikiria sana, nalo ni chai. Aliamua asitoe. Kwa maoni yake, na hajawahi kupata nafasi ya kuyapima, maskini hana cha kumpa mgeni. Kwa hivyo wageni walikaa, wakasikiliza, wakalia kidogo, na hawakuonjeshwa hata maji.

Nje, kwenye kizingiti cha chumba cha pili, Nyevu alikuwa ameketi akiona yote kupitia mlango usio na pazia. Mengi ameyavumilia katika kazi ile. Amefua vilivyofuliwa, amelaumiwa kwa kijiko kilichopatikana baadaye. Lakini sasa aliona wageni wakijiandaa kuinuka, midomo mikavu, ndani ya chumba chake. Hilo hakuliweza.

Akaruka kwa mwenzake. Sukari akapewa, vikombe akapewa, birika lilikuwa tayari jikoni. Kabla Bi Jalila hajafunga mkoba, Nyevu akaingia na sinia.

"Karibuni jamani. Mnisamehe kwa kuchelewa. Kwangu mtu hatoki na koo kavu."

Mzee Rashid akainua kichwa. "Kwako, mama?"

Jerioth alikuwa mwepesi. "Kwetu, mzee. Huyu Nyevu ni jirani yangu, tunaishi kama ndugu. Sivyo, Nyevu?"

Nyevu alikitazama chumba chake. Shuka hakuiona. Redio hakuiona. Aliiona ndoo yenye ufa. Halafu akamwona mwajiri wake ndani ya matambara, akimtazama kwa yale macho ya mwisho wa mwezi.

"Ndivyo," akasema polepole. "Jirani. Ila hapa mlangoni palikuwa na pazia."

"Lilichakaa," Jerioth akasema.

"Lilichakaa leo?"

"Nyevu, mimina chai."

Akamimina. Wakati huo lori la makontena likapita, ukuta ukatikisika, na kikombe cha Bi Jalila kikamwagika sakafuni. Nyevu, kwa mazoea ya miaka, akapiga goti na tambara mkononi. Akafuta chini ya kiti, akafuta kuelekea kitandani.

Na Maxwell, bila kuondoa macho kwenye kikombe chake, akainua miguu yote miwili. Akaingoja deki ipite. Ilipopita, akashusha miguu.

Mama mtu hakuona hata kilichotokea, kwa sababu nyumbani kwake hutokea kila siku.

Mzee Rashid aliona. Yeye amelea watoto, kisha wajukuu. Mtoto wa nyumba isiyo na mtumishi haangojei deki akiwa amekaa. Huinuka mzima, akalichukua tambara mwenyewe, na asipoinuka huinuliwa kwa sikio.

Lakini mzee si mtu wa haraka. Alikunywa chai yake mpaka nusu, kisha akamsemesha Nyevu kwa upole. Alisifu vikombe, akauliza kama ni vyake.

Nyevu akacheka. "Hivi vya maua, baba? Nimeazima hapo kwa mwenzangu. Vyangu ni vya bati, na mgeni hanyweshwi kwa bati. Hata hiyo sukari ni ya mtu. Tutarudisha, inshallah."

Alilisema bila haya yoyote, kama mtu anayeeleza kwamba maji huteremka.

Mzee Rashid akakiweka kikombe chini. Alikitazama muda mrefu kuliko kikombe kinavyostahili.

"Bi Jalila," akasema, "turudi Kisauni."

*

Bi Jalila hakutaka. Alieleza, kwa heshima zote, kwamba kazi imekwisha, matokeo yameshaingia, maskini amepatikana, na foleni ya malori hairehemu mtu. Alieleza pia kwamba kurudi kwa mwombaji bila taarifa hakumo katika utaratibu.

"Hakumo," mzee akakubali. "Wallahi, mimi mtoto wa Mombasa, nimekaa kwenye kochi la watu nikasahau kuuliza ni la nani. Hilo nalo halimo. Dereva, twende."

Njiani simu ya Mwalimu Oduor ikalia mfukoni. Akaitazama, akairudisha. Ikalia tena. Mpigaji tunamjua, na tunajua pia kwamba hakuwa akiuliza habari za mada ya hesabu.

Oduor alifikiria karo ya Cheryl. Alifikiria Jumatatu. Kisha akafikiria kwamba labda mzee atayaona yote mwenyewe, bila mtu kusema. Hilo ndilo tumaini la watu wengi wema nchini.

Kisauni, gari haliingii hadi kwa Bi Barke. Waliliacha barabarani wakatembea uchochoroni, mzee mbele. Walipopinda kona wakakuta kochi la zambarau linawajia.

Lilikuwa linatembea kwa miguu minne ya watu. Mbele alikuwa Hassan, kijana mchukuzi wa soko, nyuma Ukasha fundi wa simu, na nyuma ya wote Pascalia akitoa amri.

"Polepole bana. Aki Hassan, ukigongesha hiyo kochi kwa ukuta tena utanioa."

"Nikuoe na kochi lina kunguni?" Hassan akauliza kutoka chini ya mto.

"Kunguni ni za kwenu. Zilipanda asubuhi."

Ukasha alicheka hadi kochi likayumba. Ndipo Hassan akawaona wageni, akasimama ghafla, na Ukasha akajikuta ameubusu mgongo wa kochi.



Bi Jalila ndiye aliyetangulia kusema. "Si mmeona wenyewe? Wanaficha mali."

"Hawakujua kama tunarudi," mzee akamwambia. "Unamficha nani asiyekuja?"

Bi Jalila akafikiri kidogo, kisha uso wake ukatulia, kama wa mtu aliyepata njia fupi zaidi. "Sawa. Basi si yao. Na kama si yao, asubuhi walitudanganya. Kanuni unaijua, mzee. Nyumba iliyodanganya hali yake inaondolewa. Haikusemwa kwamba lazima idanganye kwenda chini."

Ni hoja nzuri, lazima tukiri. Mtu aliyesomeshwa vizuri hakosi hoja.

Bi Barke alisikia sauti akatoka, mikono ina unga. Alipowaona alishtuka, lakini mdomo ulitangulia kabla ya moyo. Akawakaribisha tena. Akamwita Swabra, na Swabra akaitika abee kutoka ndani. Akamwambia atandike mkeka, kwa maana, kama wageni walivyoona, viti vimetoka kidogo.

Swabra akaja na mkeka. Akaona kochi liko hewani, akaona kishikwambi, akaona uso wa mamake. Hakuutandika. Aliukumbatia tu.

"Shikamoo babu," akamwambia mzee.

"Marahaba, mwanangu." Mzee Rashid akamgeukia mama. Alizungumza taratibu, na kila jirani aliyekuwa dirishani alimsikia. "Bi Barke, nakuuliza mara moja, na jibu lako ndilo litakaloandikwa. Kochi hili ni lako?"

Hebu tulitazame swali hilo polepole, kwa sababu Bi Barke alilitazama hivyo hivyo.

Akisema ni langu, yeye ni mwenye uwezo, na msaada hausaidii wenye uwezo. Swabra atabaki nyumbani.

Akisema si langu, yeye ni mwongo, na Wakfu hausaidii waongo. Swabra atabaki nyumbani.

Kule Changamwe kuna mwanamke aliyepasua kanga kwa mkasi, na kwake swali la namna hii halikuulizwa. Aliulizwa tu kama ana tatizo lingine lolote la kuongeza.

Bi Barke aliipangusa mikono kwenye leso aliyojifunga. Akaipangusa tena ingawa ilikuwa safi.

Swabra ndiye aliyesema, na hakusema na mzee. Alimtazama Mwalimu Oduor.

"Mwalimu, swali hili mbona halina jibu? Mama akisema ndiyo nimekosa, akisema la nimekosa. Lingekuja darasani ungetuambia tukalipitie wenyewe." Akaukumbatia mkeka zaidi. "Au hili nalo umeshalifundisha jioni?"

Dirishani mtu akaguna. Pascalia akasema aki ya nani, kwa sauti ya chini.

Watoto wa Kisauni wote walikuwa wakijua mwalimu wao huenda wapi jioni. Walikuwa hawajapata mtu mzima wa kumwambia.

Simu ya Oduor ikalia tena. Safari hii aliitoa, akalitazama jina, akaizima kabisa.

"Mzee," akasema, "kabla hajajibu, naomba kamati ione nyumba moja zaidi."

"Nyumba ya nani?"

"Iko Port Reitz. Mimi huingia humo kila jioni, isipokuwa Jumapili. Lango lake hujifungua lenyewe." Akaligusa kochi. "Na kochi hili nalijua. Ni la Pascalia. Nililijua asubuhi nikanyamaza. Kama kuna mtu aliyeidanganya kamati humu Kisauni, ni mimi."

Bi Barke akaketi chini, pale pale kizingitini, kama mtu aliyetuliwa mzigo lakini hajui umewekwa wapi.

Mzee Rashid hakuonyesha mshangao. Aliuliza tu kama hiyo nyumba ya Port Reitz ina mvulana ambaye akipitiwa na deki huinua miguu. Oduor akajibu kwamba ndivyo. Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema basi foleni ya malori itawavumilia mara ya tatu.

Akageuka kuelekea gari.

"Haiwezekani," Bi Jalila akasema. Alikuwa amesimama katikati ya uchochoro, na sauti yake ya ofisini ilikuwa imemtoka. "Haiwezekani kwenda leo. Jerioth hapendi kabisa watu wa kumbishia hodi bila taarifa."

Mzee Rashid akasimama. Alirudi hatua moja, taratibu, kama mtu aliyeangusha ufunguo.

Mwalimu Oduor hakuwa ametaja jina. Changamwe walimpokea Mama Maxwell, basi. Na garini, asubuhi ile ile, afisa wa Wakfu alikuwa amesema ana hisia tu.

"Bi Jalila," mzee akauliza, kwa upole uleule aliomsemesha nao Nyevu, "Jerioth ni nani?"

Kishikwambi kilikuwa bado kinawaka mkononi mwa afisa. Kidole kilikuwa juu yake, na hakikuandika kitu.

Hata feni ya Ukasha, iliyokuwa mikononi mwa mtoto wa jirani ikingoja kurudi kwao, iliacha kuzungushwa na upepo.

Ndipo sauti ya Hassan ikatoka chini ya kochi, imebanwa, ya mtu ambaye shingo yake imefika mwisho wa uungwana.

"Wazee wangu, kitu hiki ni kizito. Tunakirudisha ndani au tunakitoa?"

Wote wakamsikia. Bi Barke akamtazama mzee, mzee akamtazama Bi Jalila, na Bi Jalila akautazama mdomo wa uchochoro, ambako gari jeupe lisilo la kamati lilikuwa limesimama sasa hivi, na mlangoni mwake anashuka mwanamke aliyejifunga kanga yenye mpasuko ulionyooka.